Nani Ameligusa Boksi?

Mimi ni mtu wa kushuku. Sijisifu wala sijutii, ndivyo nilivyoumbwa. Nikinunua nyanya nazigeuza zote upande wa chini. Mtu akinisifia gauni nakaa chonjo nione anataka kuomba nini. Mume wangu husema hata ningeolewa na malaika ningemkagua mabawa kwanza. Kwa hiyo asubuhi ile Kapteni alipochungulia mlangoni mwa chumba cha kompyuta na kuuliza, kwa sauti ile yake ya kuwatangazia abiria, "Nani ameligusa boksi?", mimi jibu nilikuwa nalo tayari: ni yule fundi tunayemwita Kimya. Nani mwingine?

Nieleze kwanza boksi ni nini. Ni chumba kamili cha marubani, viti, swichi, vioo na yote, kilichowekwa juu ya miguu sita ya chuma ndani ya ukumbi mrefu usio na dirisha hata moja. Ile miguu inakitikisa, na kwenye vioo vyake zinapita picha za uwanja, mawingu na anga. Marubani wanajifunzia humo kabla ya kukabidhiwa ndege yenye watu, na waliokwisha kuhitimu wanarudi humo kupimwa. Ukianguka na boksi, unafungua mlango, unavuka daraja la chuma, unaenda kunywa chai.

Mwaka ule kampuni ilikuwa imezibadilishia injini ndege zake kubwa, na boksi letu bado lilikuwa na tabia za injini za zamani. Kazi yangu ilikuwa kulifundisha kupanda kama ndege yenyewe inavyopanda sasa. Watu wanadhani ndege kubwa inapanda kama njiwa. Ndege iliyojaa abiria, mizigo na mafuta inapanda kama mtu mnene kwenye ngazi: ghorofa ya kwanza anakwenda vizuri, ya tatu anashika ukuta, ya tano anasimama kuuliza kama kweli mwenyeji yupo. Nilitakiwa kulifanya boksi lichoke pale pale ndege inapochoka, si mapema wala si baadaye. Boksi likimfundisha rubani uongo, siku moja atauamini uongo huo akiwa na watu nyuma yake.

Nilikuwa nacheza na vitu viwili: nguvu ya injini na ubishi wa hewa. Watengenezaji wa ndege wametoa vipimo vyao, kwamba ndege yenye uzito fulani, kwenye joto fulani, ifike juu kiasi fulani kwa muda fulani. Lakini vipimo hivyo vina nafasi ya kupumua, kidogo juu na kidogo chini, na ndani ya nafasi hiyo neno la mwisho ni la rubani mzoefu. Anakaa, anaruka, anasema: hapa nzito, hapa nyepesi, hapa imechelewa kuchoka. Mafundi tunasema anaipima ndege kwa makalio. Si matusi hayo, ni taaluma.

Makalio yetu yalikuwa ya Kapteni, na Kapteni ni baba mkwe wangu. Wapo wanaonong'ona kwamba nilipata kazi kwa mgongo wake. Ni kinyume kabisa: nilipata mume kwa mgongo wa kazi, maana Kapteni ndiye aliyeniona nikigombana na kompyuta akaenda kumwambia mwanawe kuna msichana pale hashindwi. Alikuwa rubani mkongwe kuliko wote, bado anarusha ndege zenye watu, na siku zake za mapumziko alikuja mwenyewe kujitolea kulijaribu boksi. Mkuu wa kituo alifurahi mpaka akamnunulia kikombe chake cha chai. Mimi nilifurahi zaidi, kwa sababu mtu huyu hajawahi kunidharau hata siku moja, na kwa wakwe hiyo ni bahati.

Kimya alikuwa fundi mwenzangu wa zamu ya mchana. Jina hilo alipewa kabla mimi sijafika, na halikuhitaji maelezo. Unamsalimu, anainua kidevu. Unamuuliza swali refu, anajibu "Sawa." Alikuwa amekitaka cheo changu, akakikosa, akasema sawa. Sasa mtu gani anakosa cheo anasema sawa? Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mimi nilikuwa nimeukalia macho mshindo wake.

Basi asubuhi ile Kapteni alisema ndege ilipanda vizuri hadi kwenye mawingu, halafu ilipoyapita ikaanza kulegea. "Kama inavuta kitu," alisema. Nilifungua rekodi nikakuta ni kweli: huko juu injini zilitoa nguvu pungufu kuliko nilivyozipangia. Nikaangalia namba zangu. Zilikuwa pale pale nilipoziacha. Mtu mwingine angesema basi ni ajabu. Mimi nilisema mtu amebadilisha, kisha akarudisha ili nisijue. Nikaongeza nguvu ya injini kidogo, ndani ya ile nafasi yetu, nikaenda zangu.

Mchana Mwalimu, yaani rubani mwanamke anayefundisha wanafunzi wa zamu ya Kimya, alipanda boksi lile lile akatoka amekunja uso. Kwamba ndege inapanda kama imetupwa na manati. Kwamba wanafunzi wake wanacheka. Mkuu wa kituo akaniita.

"Mama, mkaguzi anakuja mwisho wa mwezi," aliniambia. "Akikuta boksi lina tabia mbili, moja ya asubuhi na moja ya mchana, hatupiti. Tusipopita, mimi na wewe tutaonana barabarani tukiuza maji ya chupa."

"Bosi, kikulacho ki nguoni mwako," nilimjibu.

"Nani ananila?"

"Sijasema mtu." Lakini niligeuza macho yangu taratibu kwenye kiti cha Kimya mpaka hata kipofu angeelewa.

Nikapunguza nguvu. Kapteni akarudi, akaruka, akasema sasa safi kabisa, hongera. Akarudi tena, safi. Mara ya tatu akavua hedifoni kwa hasira: imelegea tena, kule kule juu ya mawingu. Rekodi ikasema hivyo hivyo. Nikaongeza. Mwalimu akalalamika. Nikapunguza. Tukaenda hivyo, kama watu wawili wanaogombea dirisha, mmoja anafungua na mwingine anafunga, ila huyo mwingine mimi sikuwahi kumwona.

Nilitega mitego. Nililaza unywele wangu kwenye kibodi kabla ya kuondoka. Nilipaka vumbi la chaki kwenye kitufe. Asubuhi unywele upo, chaki ipo, na hilo badala ya kunituliza lilinikasirisha zaidi, maana lilionyesha ninapambana na mtu mwerevu. Nikabadilisha neno la siri. Kimya alipofika kazini akajaribu kufungua, akashindwa.

"Dada, umebadilisha neno la siri?"

"Nimebadilisha."

"Sawa," akasema, akakaa.

Ile sawa niliikalia siku nzima nikiichambua kama mchele.

Jumapili tulikula kwa wakwe. Mama mkwe alikuwa amemfukuza msichana mwingine wa kazi, kwa sababu funguo za nyumba zilikuwa zinahama zenyewe. Mara zipo kwenye kabati la vikombe, mara bafuni. "Wasichana wa siku hizi," alisema, "wana mikono ambayo haitulii." Nilimuunga mkono kwa nguvu zote, maana nilikuwa na mkono wangu usiotulia wa kuulalamikia. Kapteni alitusimulia ile hadithi yake ya kutua kwenye ukungu, tukacheka, na tulipofika kwenye matunda akaisimulia tena. Mume wangu akanikonyeza. Wazee na hadithi zao.

Baada ya chakula Kapteni alinivuta pembeni. "Lile boksi," aliuliza kwa sauti ya chini. "Umekuta kweli limeguswa?"

"Limeguswa, baba. Rekodi haidanganyi, nguvu imepungua. Na anayeligusa namjua."

Uso wake ulifunguka kama wa mtu aliyepewa majibu mazuri hospitali. "Nilijua," alisema. "Mimi ndege haijawahi kunidanganya. Mchunguze huyo, mwanangu. Usimwachie." Nikajiona nina akili kweli kweli, na nikarudi nyumbani nimevimba kichwa.

Siku chache baadaye nilifika kazini mapema kuliko kawaida, kwa makusudi, nikanyata hadi chumba cha kompyuta. Humo ndani kuna baridi ya jokofu kwa ajili ya mitambo, na mafundi tunavaa sweta mwaka mzima. Nilipofungua mlango nikaliona sweta la Kimya, na Kimya akiwa ndani yake, amekaa gizani nyuma ya makabati, si saa yake wala zamu yake.

"Leo nimekukamata!" nilipiga kelele. "Unafanya nini hapa?"

Alishtuka mpaka akagonga kichwa kwenye rafu. Akajishika, akanitazama, halafu akasema kitu ambacho sikukitegemea. "Nakuvizia wewe."

"Mimi?"

"Wewe, dada." Akashusha pumzi, na hapo akasema maneno mengi kuliko aliyowahi kuniambia tangu tufahamiane. "Kila Kapteni akija kuruka, ikifika mchana nakuta boksi limeongezewa nguvu. Nikajiuliza, huyu anataka nini? Nikasema anampendezesha baba mkwe wake. Mzee akisema inapanda vibaya, anainyanyua. Mimi nimenyamaza, lakini mkaguzi akija tutafukuzwa sote."

"Naongeza kwa sababu wewe unapunguza!"

"Mimi sijagusa namba tangu injini mpya zije. Nitagusaje, neno la siri unalo peke yako?"

Tukabaki tumesimama, kila mtu akimtazama mwizi wake. Nilimpima kuanzia viatu hadi nywele nikitafuta uongo. Nilitaka sana kuuona. Hakuna kitu kinachomchosha mtu wa kushuku kama kukutana na mwenzake.

Ndipo Kimya akatoa wazo. Turudishe namba katikati kabisa ya vipimo vya watengenezaji, halafu tutunge neno jipya la siri, nusu yake naijua mimi na nusu anaijua yeye. Hapo hafungui mtu bila mwenzake. Mchawi mpe mwana alee, nikakubali. Niligeuka nikaandika nusu yangu, naye akaandika yake nikiwa nimeangalia ukuta, na nakiri nilijaribu kuhesabu vitufe kwa sikio.

Kesho yake Kapteni akaruka. Tulikuwa wote wawili chini, mbele ya skrini, bega kwa bega. Mimi huwa sipandi kwenye boksi, tumbo langu haliwezi. Likitikisika mara mbili tu natafuta ndoo. Kwa hiyo siku zote majaribio niliyasikiliza kwenye hedifoni kutoka kule kwenye baridi. Ndege ikaondoka vizuri, ikaingia mawinguni, ikatoka. Na pale pale kwenye skrini yetu, bila mkono wa mtu kugusa kibodi, nguvu ya injini ilikuwa pungufu. "Imelegea tena!" Kapteni akaita masikioni mwetu. "Nani ameligusa?"

Kimya alinitazama. Mimi nikamtazama. Akasema polepole, "Basi ni humo ndani."

"Humo ndani kuna Kapteni peke yake."

"Ndiyo, dada."

Nilitaka kumzaba kofi. Nilimwambia hana adabu, kwamba mzee yule alikuwa anarusha ndege wakati yeye anavaa nepi, kwamba afadhali angeendelea kunyamaza kama alivyozoea. Aliandika tu nusu yake ya neno la siri, akatoka kwenda kuninunulia chai, akaniacha peke yangu na rekodi. Nami sikuifungua. Rekodi ile ina kila swichi ya chumba kile, imewashwa lini na imezimwa lini. Siku zote hizo nilikuwa nasoma injini tu, kwa sababu ndani ya kichwa changu aliyekaa kwenye kiti kile hakuwa mtu wa kukaguliwa. Niliogopa, ndiyo ukweli. Nikasema heri nikaone kwa macho yangu.

Siku iliyofuata nilimwomba Kapteni niruke naye. Alicheka. "Leo mkwe wangu anapanda? Tulete ndoo?" Nikamwambia tutazima miguu, boksi lisitikisike, kwa hisani ya tumbo langu. Nikakaa kiti cha nyuma, kile cha wapimaji, ambapo unaona mikono ya rubani na swichi zote za darini. Nilijiambia natafuta waya mbovu, swichi iliyolegea, chochote chenye bisibisi.

Aliruka vizuri kupita maelezo. Ile mikono! Mikubwa, mipole, kila kitu anakigusa mara moja tu. Nilianza kutulia, nikaanza hata kupanga maneno ya kumsuta Kimya. Tukaingia mawinguni, vioo vikawa vyeupe, na Kapteni akanyoosha mkono juu akawasha swichi za kuyeyusha barafu. Alifanya sawa kabisa. Mawinguni kwenye baridi, barafu hushika midomo ya injini na kingo za mabawa, kwa hiyo hewa ya moto inachotwa kwenye injini kwenda kuiyeyusha. Hewa ile ikichotwa, injini inabaki na nguvu pungufu ya kupandia. Ndiyo maana ukishatoka mawinguni, hewa ikiwa kavu, unazizima.

Tulitoka mawinguni. Jua likajaa chumbani, jua la picha, lakini linaumiza macho vile vile. Kapteni akaweka mikono yake mapajani. Nikasubiri. Zile taa ndogo za darini zilikuwa zinawaka, na mimi nilikuwa nazitazama kama mtu anayetazama maziwa jikoni. Sindano ya kupanda ikaanza kushuka.

"Unaona?" akasema. "Imeanza. Umeona mwenyewe?"

Nimeona, nilitaka kusema. Kisha tabia yangu ikanijia kunisaidia. Nikamshuku kwa jema: ananipima! Ameziacha makusudi aone kama mkwe wake yuko macho. Wazee wana vituko hivyo. Nikatabasamu kabisa, nikasema, "Baba, barafu."

"Barafu gani?"

"Swichi, baba. Za barafu."

"Aa, ndiyo." Mkono wake ukaondoka pajani. Haukwenda juu. Ulikwenda chini kushoto, kwenye ukuta wa boksi, pale ambapo hakuna kitu chochote, plastiki tupu ya kijivu. Vidole vikapapasa, vikapanda, vikashuka, vikapapasa tena. "Zilikuwa hapa," alisema.

Sikumbuki ndege gani ya ujana wake ilikuwa na swichi mahali pale. Nilijua tu kwamba dakika ile alikuwa ameketi ndani ya ndege hiyo na si ndani ya hii. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani, na boksi lilikuwa limetulia tuli.

Halafu akarudi. Alitazama ule ukuta, akautazama mkono wake, akainua macho darini, akazima swichi mbili moja baada ya nyingine. Sindano ikapanda taratibu mpaka pale nilipoifundisha kupanda. Nikabonyeza kusimamisha picha, na vioo vikaganda na jua lake.

"Leo nimechoka tu," alisema.

"Sawa, baba," nilisema. Nilitaka sana iwe hivyo. Nilitaka nishuke, niongeze nguvu kidogo, nimlaumu Kimya, twende nyumbani. Lakini nilizikumbuka zile asubuhi zote alizosema imelegea, nikaona kila moja ilikuwa na taa mbili zinazowaka darini. "Si leo tu," nikasema.

Hakugeuka. "Nani mwingine anajua?"

Swali lile lilinichoma. Mtu asiyejua huuliza anajua nini. Yeye aliuliza nani. "Kimya anahisi," nilimjibu. "Mwanao hajui. Mama hajui, anafukuza wasichana wa kazi."

"Usiwaambie."

"Baba, kesho una safari."

"Ninayo. Asubuhi."

"Nani msaidizi wako, kiti cha kulia?"

"Kijana mmoja mzuri sana, ana adabu." Akapangusa kioo cha saa yake kwa kidole gumba. "Ananizimia swichi. Wote wananizimia, zamu kwa zamu. Mkono unapita polepole, kama mtu anayemfunika mgonjwa shuka asimwamshe. Halafu wanaangalia dirishani. Wanadhani mimi sioni."

"Na hawasemi?"

"Watasemaje? Mimi ndiye niliyewafundisha."

Nikamuuliza kwa nini basi alikuja kwetu, na sauti yangu ilikuwa ya hasira kuliko nilivyokusudia. Hapo akageuka, akanitazama.

"Nilikuja kujipima mahali pasipo na watu," alisema. "Huko juu siwezi kujua, wananifunika. Nikasema nitakwenda kwenye boksi la mkwe wangu. Yule hamwamini hata daktari wa meno. Nikikosea ataniona. Nikaruka, ikalegea. Nikakuuliza nani ameligusa. Ukasema nitaangalia, ukalitengeneza. Nikaja tena, ikalegea, nikakuuliza, ukalitengeneza. Ukaniambia na mwizi umemjua." Akacheka kidogo, kicheko kibaya. "Mwanangu, usiku ule nililala. Nilisema, kumbe ni mashine."

Nililia. Sikujizuia, sikujificha. Nilikuwa nimemshuku kila mwenye mikono katika jengo lile, nikamwacha mmoja kwa heshima, na heshima yangu ndiyo iliyompa ruhusa ya kuendelea kuwabeba watu. Kila namba niliyoiongeza ilikuwa ni mimi kumwambia u mzima, endelea. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini yeye maradhi yake aliyaleta mlangoni kwangu, mimi ndiye niliyeyafunga kitambaa.

Aliniacha nimalize. Kisha akasema, "Mpigie mkuu wa marubani."

"Piga wewe, baba. Ni heshima yako."

"Nikipiga mimi nitajitetea. Najijua, mimi ni fundi wa kujitetea. Piga wewe, weka sauti kubwa nisikie."

Vidole vyangu vilikuwa vimeloa, simu ikakataa kunitambua mara mbili. Mkuu wa marubani alipokea kwa uchangamfu. Nikamwamkia. Nikasema napiga kwa niaba ya Kapteni, kwamba kesho hatasafiri, hajisikii vizuri.

"Pole yake! Mafua haya yamezagaa," alisema. "Mwambie apumzike. Nitamtafutia mtu wa kesho. Keshokutwa atakuwa amepona, au nimpe mpaka wiki ijayo?"

Mlango ulikuwa wazi kabisa. Wiki ijayo, ningeweza kusema, na tungeshuka sote tukanywe chai. Nilimtazama Kapteni. Alikuwa ameshika usukani kwa mikono yote miwili, ingawa ndege ilikuwa imeganda angani na haiendi popote. Akatikisa kichwa.

"Sema kweli," alinong'ona.

"Si mafua," nikasema kwenye simu. "Kapteni anasahau. Anasahau vitu vya ndani ya ndege, vitu anavyovijua. Si leo tu. Nimemwona kwa macho yangu, na wasaidizi wake wamemwona, wanamfunika. Asipewe ndege, si kesho wala wiki ijayo, mpaka daktari amwone."

Upande wa pili nikasikia kiti kikisogezwa, mlango ukifungwa. Mkuu yule alikuwa mwanafunzi wa Kapteni zamani, kama wengine wote. Aliporudi, sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba.

"Sikiliza, dada," alisema. "Nasikia boksi lenu hilo lina matatizo. Nasikia linapanda vibaya, mara hivi mara vile. Una uhakika si boksi?"

Kapteni alifumba macho. Niliona kifua chake kimesimama, hapumui, anasubiri kama yeye pia ndiye aliyeuliza.

"Boksi ni zima," nikasema. "Halijawahi kuguswa na mtu isipokuwa mimi."

Kapteni akashusha pumzi, akafungua mkanda wa kiti.